Vipande Sita vya Barafu

Kama ulikunywa bia baridi katika Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, mwaka ule wa sabini na sita, kabla ya vita ya siku themanini ya mwaka uliofuata, basi ulikunywa kazi ya mikono ya Tshilombo, ujue usijue. Miji mingine ya Zaïre ilikuwa inakunywa bia ya uvuguvugu na kujidanganya kwamba hivyo ndivyo tumbo linavyopenda. Sisi wa Kolwezi hatukuwa na haja ya uongo huo. Tulikuwa na shaba, tulikuwa na umeme, na tulikuwa na Tshilombo.

Alikuwa mtu mfupi, tumbo mbele, abakosti ya kijivu, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, yenye kalamu tatu mfukoni, ingawa mbili hazikuwa na wino. Shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi, au shule ndiyo iliyomwacha yeye. Juu ya jambo hilo yeye na baba yake hawakuwahi kusikilizana. Baridi alijifunza kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akiuza samaki, na Mgiriki alipofunga duka na kurudi kwao, Tshilombo alibaki na mashine ya barafu, baiskeli ya mizigo na jeuri yote ya bwana wake. Kila frigo iliyokufa kuanzia Musonoi mpaka mtaa wa wazungu, yeye ndiye aliyeifufua. Akiingia nyumbani kwa mtu hasalimii kwanza. Anaweka kiganja juu ya mlango wa frigo, anafumba macho kama padri, kisha anatoa hukumu.

Lakini siku yake hasa ilikuwa siku ya mshahara. Wachimbaji wanatoka zamu saa nane mchana, koo zimejaa vumbi, na lori la bia ndiyo kwanza linaingia na chupa zilizopikwa na jua njia nzima. Wenye baa wangemwita nani? Barafu peke yake ni mvivu: inafika sifuri, inakaa hapo, inaanza kutoa machozi. Tshilombo aliiponda kwa nyundo, akaipanga ndani ya pipa pamoja na chupa, kisha akafungua kopo lake la chumvi ya mawe na kurusha konzi tatu, nne. Barafu ikishaonja chumvi inakasirika. Inashuka chini ya sifuri, inashuka tena, pipa linaota ukungu mweupe kwa nje, na baada ya robo saa chupa inatoka inauma meno.

Kuna jambo moja ambalo wanywaji hawakuliona, kwa sababu macho yao yote yalikuwa kwake. Nyuma ya pipa alisimama mke wake, Mianda, mikono kiunoni, kimya. Yeye hakuponda wala hakurusha chumvi. Alitazama tu ule ukungu wa pipa, na wakati ulipofika alisema neno moja: "Toa." Tshilombo angekuwa katikati ya hotuba, anaeleza jinsi Mgiriki alivyolia siku ya kuagana, lakini akilisikia neno hilo mkono wake uliingia ndani ya pipa wenyewe, kama mbwa aliyeitwa jina. Mara mbili tatu Mianda alipokuwa msibani, chupa ziliganda na kupasuka, vigae na bia vikashikana kuwa kitu kimoja. Tshilombo aliwaambia watu kwamba siku hizi kiwanda kinatengeneza chupa nyepesi.

Mwezi wa tano Mianda alianza kuvimba miguu. Akavimba uso. Chakula kikamkinaisha, hata ugali wa bukari aliousonga mwenyewe. Hospitali ya misheni ilimlaza, na baada ya kupima damu na mkojo wakamwambia Tshilombo kwamba figo zote mbili za mke wake zimekauka, hazichuji kitu tena. Kilichobaki ni kumwosha kwa tumbo: wanamimina chupa za maji ya dawa ndani ya tumbo kwa mrija, wanangoja, wanayatoa na uchafu wake. Siku mbili kila juma. Dawa hiyo ilitoka Ulaya katika makatoni, na makatoni hayo hayakuwa mengi.

Ugonjwa huo una adhabu moja ambayo haionekani kwa macho. Mgonjwa hakojoi, kwa hiyo hapewi ruhusa ya kunywa. Mianda alipewa nusu kikombe cha maji kwa siku nzima, katika joto la Kolwezi, na juu yake vipande sita vya barafu vya kufyonza, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba. Sita, si saba. Aliyehesabu ni Mama Godelieve, muuguzi mkuu wa chumba cha wanawake, mtu wa Kongolo kule kaskazini. Serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo, na kwenye kadi yake ya kazi aliandikwa Citoyenne Ngoie, yaani Raia Ngoie, lakini hapakuwa na mgonjwa mwenye nguvu za kumwita hivyo.

Hapo Tshilombo alipata kazi. Kila asubuhi alichemsha maji, akayachuja kwa kitambaa, akayagandisha polepole mpaka yakawa kama kioo cha dirisha la benki. Akakata vipande sita, akavitia ndani ya termosi, akapanda baiskeli. Mara mbili alijaribu kupitisha cha saba ndani ya soksi. Mara zote mbili Mama Godelieve alitazama mguu wenye maji, akanyoosha mkono, na Tshilombo akavua kiatu kama mtoto mbele ya mwalimu.

Mianda alifyonza barafu akiwa amefumba macho. Hakuomba nyumba, hakuomba nguo. Aliomba kitu kimoja. Nyumbani kwao, msumarini karibu na mlango wa jikoni, kilining'inia kikombe kikubwa cha bati, cheupe, chenye ua la bluu na doa jeusi pale rangi ilipobanduka. "Siku nitapona," alimwambia mume wake, "utanijazia kile kikombe mpaka juu. Mayi ya baridi. Nikunywe yote pale pale, na usiniambie kitu." Tshilombo akaapa.

Mwezi wa tisa akaja daktari kutoka Ubelgiji, mpasuaji, mtu mrefu mwenye masikio mekundu, aliyepewa na misheni yake majuma sita tu. Alimwona Mianda, akahesabu makatoni ya dawa yaliyobaki, akakuna kichwa. Akasema kwamba kwao Ulaya siku hizi wanachukua figo ya mtu mzima na kumtia mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe ameshika kisu katika kazi hiyo zaidi ya mara moja. Mtu ana figo mbili. Moja inatosha kuishi mpaka uzee. Tshilombo alivua abakosti pale pale. Lakini damu yake ilipopimwa ilikataa, haikupatana kabisa na ya mke wake. Wakapima ndugu, binamu, shangazi wa Mianda. Aliyepatana naye alikuwa mmoja tu: mdogo wake, Muamba, mfanyakazi wa gari la moshi huko Lubudi.

Muamba alishuka stesheni na mkoba mmoja na maneno mengi. Yeye na Tshilombo walikuwa mashemeji wa kutaniana tangu siku ya mahari, na hospitali haikuwabadilisha.

"Shemeki," Muamba alisema, akikaa kitandani kwa dada yake, "mi namupa dada figo. We utanipa bia moja ya baridi kila siku mpaka siku ya kufa. Ukiniletea ya moto, figo yangu nairudisha."

"Figo ya mutu wa gari la moshi," Tshilombo alijibu. "Itakuwa inachelewa kila siku."

"Itachelewa, shemeki. Lakini itafika."

Mianda alicheka mpaka akashika tumbo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mwezi wa tano, na Tshilombo alikihesabu kama chake.

Sasa sikiliza mpango ulivyokuwa, maana kila kitu kinatoka hapo. Huko Ulaya wana vyumba viwili vya upasuaji na vikosi viwili. Figo inatoka kwa huyu na kuingia kwa yule kama mtu anayevuka barabara. Hospitali ya misheni ilikuwa na mpasuaji mmoja, meza moja, Mama Godelieve mmoja. Ilibidi Muamba akatwe kwanza, ashonwe, atolewe, meza isafishwe, ndipo Mianda alazwe na kufunguliwa. Katikati hapo figo ingengoja saa tatu, nne, pengine zaidi. Na figo iliyotoka mwilini ikikaa katika joto inakufa upesi kuliko samaki. Ni baridi peke yake inayoituliza, inaifanya isinzie bila kuomba damu.

Frigo ya hospitali ilikuwa nzee na umeme ulikuwa umeanza kukatika. Docta aliuliza kama mjini kuna mtu anayejua baridi. Unafikiri chumba kizima kilimtazama nani?

Tshilombo alitengeneza sanduku kwa siku tisa. Nje mbao za mninga, katikati unga wa msumeno alioushindilia kwa ngumi, na ndani, badala ya zinki ya kawaida, alilitandika bamba la shaba nyekundu, akaling'arisha mpaka ukaona meno yako. Shaba hiyo aliipata wapi, tusiulizane. Alisema figo ya kuingia ndani ya mke wake haitalala kwenye zinki kama makayabo, samaki wa chumvi wa sokoni. Aliwaonyesha majirani, aliwaonyesha wenye baa, alimwonyesha hata padri, ambaye alidhani ni la kuwekea vitu vya misa.

Asubuhi ya upasuaji, Alhamisi ya mwezi wa kumi, jua lilikuwa limeamka na hasira. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Docta alimwita Tshilombo mbele ya sanduku, akamkabidhi kipimajoto, akazungumza polepole kwa Kifaransa, na Mama Godelieve akayaweka maneno hayo katika Swahili ili yasipotee hata moja. Sindano ya kipimajoto ikae kati ya sifuri na nne. Barafu ipondwe, iwe inaogelea ndani ya maji.

"Barafu lazima iyeyuke," Mama Godelieve alisema. "Ukiona mayi mu sanduku, njo muzuri. Usiguse kintu. Ulisikia, tata?"

"Nasikia, mama."

"Niambie vile nimesema."

Tshilombo akamrudishia yote, neno kwa neno. Hakukosea. Alielewa vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloumiza. Alielewa, lakini moyoni alisema kwamba huyu mzungu anajua kukata watu. Juu ya barafu bado ni mwanafunzi. Tangu lini fundi akaambiwa kwamba barafu inayokufa ndiyo barafu nzuri?

Saa nne na nusu mlango ulifunguliwa. Docta alitoka na bakuli. Figo ya Muamba ilikuwa imeoshwa kwa maji ya dawa baridi yaliyopitishwa ndani ya mshipa wake mpaka damu yote ikatoka. Ilikuwa imepauka, rangi ya uyoga, laini, ndogo kuliko Tshilombo alivyofikiri. Waliitia ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, wakafunga kwa uzi, wakailaza katika sanduku la shaba, barafu na maji pande zote. Docta alitazama kipimajoto: mbili. Akamgusa Tshilombo begani, akarudi ndani kumshona Muamba. Mlango ukafungwa.

Tshilombo alikaa kwenye kiti, peke yake katika ujia, sanduku kati ya magoti.

Saa ya kwanza alikuwa mfalme. Kila aliyepita aliambiwa ashushe sauti, humu ndani kuna mtu amelala. Saa sita kasoro robo taa zilizimika. Jenereta ilikohoa, ikashika, ikafa, ikashika tena. Mama Godelieve alichungulia na kusema kwamba Muamba yuko salama, ametolewa, lakini shinikizo la damu la Mianda limeshuka kwa dawa ya usingizi na docta hawezi kumfungua mpaka lipande. Watangoja. Saa moja, labda mbili. Kipimajoto je? Tatu, alijibu Tshilombo. Muzuri, akasema, akaondoka.

Akabaki na barafu yake.

Aliinua kifuniko. Maji. Vipande vya juu vilikuwa vimekuwa vidogo, vya mviringo, vinagongana taratibu. Akafunika. Akafungua tena. Maji yalikuwa yameongezeka, au ndivyo alivyoona. Jua lilikuwa limefika kwenye dirisha la ujia na kumlamba mgongo. Alihesabu: saa moja imepita, bado mbili, umeme hakuna, mashine yake mjini imelala, hawezi kutengeneza kilo moja zaidi. Miaka kumi na mitano mtu huyu alikuwa amepigana na kitu kimoja tu, barafu inayoyeyuka, na sasa aliambiwa akae aitazame inavyoyeyuka juu ya uhai wa mke wake, mikono mapajani. Ni kama kumwambia mama atazame uji ukimwagika asinyanyue sufuria. Kipimajoto kikasema tatu. Kikasema tatu na nusu. Bado ilikuwa ndani ya ile sifuri mpaka nne, lakini macho yake hayakuona tena namba. Yaliona sindano inapanda.

Kopo la chumvi lilikuwa katika mfuko wa baiskeli aliouweka kando ya kiti, chini ya nyundo, mahali pake pa siku zote.

Alirusha konzi ya kwanza na masikio yake yakasikia ule mlio anaoujua, kama kitu kinachonong'ona. Ya pili. Ya tatu. Na ya nne kwa sababu mke wake ni mke wake. Alikoroga kwa kidole. Sindano ikasimama, ikafikiri, ikaanza kushuka. Mbili. Sifuri. Ikapita sifuri bila kubisha hodi. Shaba, ambayo ni nyepesi kupitisha joto kuliko chuma chochote tunachochimba, iliichukua ile baridi na kuizungusha pande zote. Maji yakaacha kucheza. Tshilombo akafunika, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua mpaka chini. Alijiona ameokoa mtu. Alikuwa hata anatunga jinsi atakavyomwambia docta, kwa unyenyekevu, kwamba na sisi huku tuna elimu zetu.

Hapakuwa na mtu nyuma yake wa kusema toa.

Saa nane kasoro robo Mama Godelieve alifungua mlango kwa mgongo, mikono juu, glavu na barakoa. Mianda alikuwa amefunguliwa, mishipa iko tayari. Docta anaitaka figo. Kipimajoto kinasema ngapi?

"Kumi chini ya sifuri," alisema Tshilombo, na alisimama kusema hivyo.

Macho ya Mama Godelieve juu ya barakoa hayakutikisika. Alitazama kando ya kifuniko, pale ukungu mweupe ulipokuwa umeota juu ya mbao, kisha akatazama kopo lililokuwa wazi chini ya kiti. Alilibeba sanduku lote, akaingia nalo. Mlango ulibaki wazi kidogo. Tshilombo aliona docta akichana mfuko wa kwanza, akichana wa pili. Aliona mkono wake ukisita. Kisha alisikia sauti ya kitu kinachowekwa katika bakuli la chuma: ko. Kama jiwe. Docta alikibonyeza kwa kidole, akangoja, akabonyeza tena. Alisema maneno mawili ambayo Mama Godelieve hakuyaweka katika Swahili. Figo ikiganda, ile sehemu yote laini ya ndani inapasuka. Ukiiyeyusha unapata kitu chenye umbo la figo na hakuna zaidi. Tshilombo hakuhitaji kuelezwa hivyo na daktari. Alikuwa ameokota vigae vya chupa mara ngapi ndani ya pipa?

Wakamshona Mianda bila kitu ndani.

Muamba alizinduka kabla ya dada yake. Tshilombo aliomba aingie mwenyewe, na waliomruhusu labda walifikiri ni adhabu. Alisimama miguuni pa kitanda akishika kofia. Muamba alikuwa na midomo mikavu na uso wa majivu, lakini alipomwona shemeji yake alijaribu kupandisha shavu moja.

"Ilifika?" aliuliza.

Tshilombo alikuwa amehutubia baa zote za Manika. Alianza na sanduku, akarudi kwenye umeme, akafika kwenye chumvi, akakwama. Muamba alimsikiliza mpaka mwisho akitazama dari. Hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Aligeuza kichwa polepole, kwa sababu mshono ulikuwa unamvuta.

"Niko na ingine," alisema. "Muite munganga. Achukue ile ingine."

Mama Godelieve, aliyekuwa akimpima mapigo, akamwambia kwamba hiyo haiwezekani, mtu hawezi kukaa bila hata moja. Muamba akasema anajua. Akafumba macho, na machozi yakatoka yakaingia masikioni, na Tshilombo akatafuta leso mifukoni mwake akapata kalamu tatu.

Mianda alizinduka jioni, jua bado liko dirishani. Alipeleka mkono tumboni, akapapasa bandeji upande wa chini, nene, mpya, na uso wake ukafunguka. Docta alitaka kusema. Tshilombo akamwomba kwa mkono asiseme.

"Sasa njo ninaweza kunywa?" Mianda aliuliza.

Safari hii hakuanza na sanduku. Aliweka paji la uso juu ya ukingo wa kitanda na kusema kwamba figo iliganda, kwamba haimo, kwamba ni yeye. Mwanamke mmoja wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

"Uliweka chumvi," Mianda alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Konzi ngapi?"

"Ine."

Alimwangalia kwa muda mrefu, mume wake, kile kichwa chenye upara uliokuwa unaanza. Kitu kilipita usoni mwake, karibu na kicheko, kikakatwa na maumivu ya mshono. "Ulinifanya sawa bia," alisema. Baadaye akauliza kama Muamba anajua, akaambiwa anajua. Akaomba barafu yake ya siku ile. "Na uhesabu muzuri. Usiibe."

Alimpa sita.

Alichofanya Tshilombo majuma yaliyofuata nitakueleza kwa kifupi, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichosaidia. Alirudi kupimwa damu, kana kwamba damu inaweza kutubu, ikakataa tena. Alipanda gari la moshi mpaka Lubudi kuwaomba ndugu wa ukoo ambao hawakuwa wamepimwa; wawili walikuja, wote wawili hawakupatana na Mianda. Aliandika barua kwa misheni ya Ubelgiji kuomba makatoni ya dawa, barua ya kurasa tatu yenye Kifaransa cha mwaka wa nne; jibu lilikuja baada ya Krismasi. Docta aliondoka siku yake ilipofika. Kabla ya kupanda gari alimshika Tshilombo mkono, akasema kupitia Mama Godelieve kwamba angepaswa kuweka mtu pamoja naye kwenye sanduku, kwamba kosa ni lake pia. Tshilombo alimshukuru. Angependa kuliamini.

Muamba alirudi kwenye gari lake la moshi na kovu la shibri moja. Kila Jumamosi alituma salamu na wapanda treni: mwambieni shemeki bia yangu inangoja. Tshilombo hakujua kama ni utani au ni nini. Mashine ya barafu aliiacha ifanye vipande vya Mianda tu. Wenye baa walikuja wakabisha hodi siku ya mshahara, wakamwona amekaa mlangoni, wakarudi. Mwezi ule Manika ilikunywa bia ya uvuguvugu, na hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Sanduku la shaba alilivunja kwa nyundo. Bamba la ndani halikuvunjika, lilikunjika tu.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa zimeshika na katoni ya mwisho ilikuwa imefunguliwa. Mianda alikuwa amepungua mikono na kuongezeka uso. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya siki. Asubuhi moja Tshilombo alifika kama kawaida, koti limelowa, akamkabidhi Mama Godelieve termosi ili ahesabu. Mama Godelieve hakuifungua. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akamrudishia.

"Leo usihesabu, tata," alisema. "Mupe tu. Na mayi pia. Yenye anataka yote."

Tshilombo alisimama pale. Miezi yote alikuwa akimwomba mwanamke huyu kipande cha saba. Aliiba, aliomba, alivuliwa kiatu. Sasa amepewa yote. Hakuuliza maana yake. Alipanda baiskeli katika mvua mpaka nyumbani, akatungua kikombe msumarini, kile cheupe chenye ua la bluu, akarudi nacho ndani ya shati.

Alikijaza mpaka juu. Alitia barafu, vipande sita, kisha vingine, mpaka maji yakamwagika kwenye shuka, na hakuna aliyemgombeza. Akamwinua Mianda kwa mkono mmoja, akaweka bati midomoni mwake. Alikunywa. Alikunywa kama mtu anayerudi kutoka shamba, kwa koo lote, akapumzika, akanywa tena. Tshilombo aliendelea kushika kikombe pale pale, karibu na meno, hakuthubutu kukishusha.

"Toa," alisema Mianda.

Mkono wake ulitii. Mianda akalala juu ya mto, akafumba macho, akasema maji ni mazuri. Kikombe kilikuwa bado na nusu. Tshilombo alikaa amekishika mapajani, ndani yake barafu ikipungua polepole, ikiogelea, na hakuigusa.